Mwanangu Alilia

Mwezi uliopita mpwa wake Sista Margaret, nesi wa Kizungu aliyenizalisha zamani, alinipigia simu kutoka Uingereza. Sauti yake ya upole, kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Akanambia shangazi yake amefariki, ameshachomwa moto kwa desturi yao, mazishi hayakuwepo, mwenyewe hakutaka watu wahangaike. Jumamosi watakutana mahali, watakunywa kidogo, watayakumbuka maisha yake. "Tungependa na wewe utuandikie maneno machache," akasema, "maana alikuwa akikutaja sana. Ila tafadhali yawe ya furaha. Hatutaki mtu alie siku ile." Nikamuuliza, kwani mtalia lini? Nikasema nitaona, nikaiweka simu, nikabaki kwenye kochi hapa Azaiba, Maskati, na chai inapoa mbele yangu, hasira imenipanda mpaka masikio yanawaka, hasira ile ile ya mwaka niliokuwa mama kijana, kama vile haukupita hata mwezi. Si kwamba sina la kushukuru. Yule mwanamke aliniokoa roho. Mkono wake uliingia tumboni mwangu ukaizuia damu mpaka ikasita, na bila ya mkono ule wanangu waliokuja baadaye wasingekuwepo. Hilo nimelijua siku zote. Lakini mwanamke huyo huyo alininyang'anya mwanangu kwa maneno matatu, na aliyanena kwa wema, akitabasamu, na wema wake ule ndio uliokuwa ukiniunguza kuliko chochote. Basi ya furaha waliandika wao. Mimi naandika yangu, kwa wanangu, kwa lugha yangu.

Jinsi tulivyotoka Unguja na jinsi tulivyofika Maskati siandiki. Kila nyumba yetu inayo hadithi hiyo, na kila moja inajiona imeteseka kuliko ya jirani. Naanzia Matrah, jirani na Maskati, kwenye vyumba viwili na ua mdogo, mimi, mume wangu Nassor, mwanetu Salma aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusema, na mama yake Nassor, Bi Zuwena, ambaye nilimwita Mama kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita vyengine. Enzi hizo Ruwi, ambayo leo ni majumba matupu, ilikuwa bonde la mchanga na mitende, na aliyekuwa na feni alikuwa tajiri. Nassor alikuwa karani kwenye kampuni ya mafuta. Mimi nilikuwa nimemaliza skuli ya sekondari Unguja, Kiingereza nakisoma na kukiandika, na Maskati wakati ule hapakuwa na pa kukipeleka. Nikawa nakaa nyumbani, napika, nafua, naosha nepi, nagombana na jiko la mafuta ya taa, na tumbo linakua. Mtoto akiwa mwanamume nilishamchagulia jina, Khalfan. Bi Zuwena alikuwa akinikataza kulitaja. "Wee Rayya, mtoto haitwi yumo ndani. Akitoka akalia ndiyo tutamwita." Nikimjibu, "Mama, mimi naye tushazoeana," na yeye husonya, kisha namsikia usiku akilinong'ona mwenyewe katika dua zake.

Uchungu ulianza asubuhi na ukaja na damu. Mkunga alikuja, akafunua shuka, akaifunika tena, akamwambia Bi Zuwena, "Huyu si wa mikono yangu." Nassor akaenda kuomba gari ya kazini, nikalazwa nyuma juu ya godoro la Salma, tukaenda kwenye hospitali ndogo ya Wazungu, nyumba ya ghorofa moja yenye baraza refu. Nakikumbuka chumba kuliko ninavyozikumbuka nyuso: kuta zimepakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa bega, juu nyeupe, kitanda cha chuma kirefu mno kama kimetengenezwa kwa watu wa kwao, mpira chini ya shuka unaonata mgongoni. Bi Zuwena alizuiwa mlangoni. Nilimsikia akisema kwa Kiarabu kwamba mwanamke hazai peke yake kama paka, na sauti ya Sista Margaret ikimjibu kwa Kiarabu kibovu, tafadhali, kimya, tafadhali. Kisha mlango ukafungwa.

Watu wengi wameniuliza niliona nini nilipokufa. Wanauliza hivyo hasa, "ulipokufa", na mimi nimechoka kuwarekebisha. Sikuona kitu. Sikuona mwanga, wala bustani, wala marehemu baba yangu ndani ya kanzu nyeupe akinipungia mkono. Nilichobakiwa nacho ni masikio. Maumivu yalikatika ghafla kama mtu kazima redio, mwili ukaniondokea, sikujua tena nna miguu wala mgongo, ikawa mimi na sauti za chumba tu, na kila sauti iko wazi kuliko nilivyopata kusikia kitu maishani. Nilisikia beseni la chuma likianguka na kuzunguka sakafuni. Nilisikia Sista Margaret akitukana, tusi ambalo walimu wetu hawakutufundisha. Nilimsikia daktari akisema, "Mapigo siyapati." Sikuogopa. Ilikuwa raha, nasema kweli, na mpaka leo inaniudhi kwamba ilikuwa raha. Kisha nikamsikia mwanangu. Alilia. Sauti nyembamba, ya ukali, kama ya mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Akapumzika. Akalia tena. Na mimi nikataka kumwendea, ndipo mwili ukarudi wote kwa mpigo na maumivu yake, na sikusikia tena kitu.

Nilipozinduka mdomo ulikuwa mkavu kama kitambaa. Sista Margaret alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Alikuwa mwanamke mrefu, mkono wake mkubwa umeshika wangu. Nikamwambia kwa Kiingereza, nipe mwanangu. Akatabasamu. Nitalikumbuka tabasamu lile nikiwa kaburini. "Hakuwahi kuvuta pumzi, mpenzi. Amezaliwa mfu. Hakuteseka hata kidogo." Nikamwambia nilimsikia. Akanipapasa paji la uso. Ulikuwa huna fahamu, akasema, damu ilikuwa imekwisha mwilini, akili katika hali ile inatunga mambo. Sasa usifikiri, lala, wewe bado kijana. Akanidunga sindano kabla sijapata kujibu. Nilipoamka tena palikuwa na trei: chai ya maziwa imepoa, biskuti mbili, na kitu chekundu kinachotetemeka kwenye kibakuli, wenyewe wanakiita jeli. Mwanamke katoka kuzaa analetewa kitu baridi kinachotetemeka! Nilikisukuma kikapasukia ukutani, na nilikuwa nimedhoofu, sijui nguvu zilitoka wapi.

Ili nieleweke, lazima nieleze kitu ambacho Sista Margaret hakukijua na hakuuliza. Kwetu mtoto akitoka tumboni mfu, huoshwa na kukafiniwa na kuzikwa, lakini hasaliwi kama maiti wengine, na watu hawakai matanga. Akilia, hata mara moja, hata kama roho imemtoka kabla hajafutwa, basi ni mtu. Anapewa jina, anasaliwa, anahesabiwa katika watoto wa baba yake. Kilio kile ndicho kinachotenganisha. Kwa hiyo Nassor alipokuja jioni ya siku ile, kope zimemvimba, nilijua nini cha kumuuliza.

"Umemfanyaje?"

"Nimemzika, Mama Salma. Walinipa amefungwa kwenye taulo, wakanambia nisifungue. Nilifungua. Nimemwosha mwenyewe, kwa mikono yangu hii."

"Mmemsalia?"

Akainamisha kichwa. "Sista kanambia hakulia."

"Alilia, Nassor! Nimemsikia mimi!"

"Rayya, ulikuwa umezimia. Daktari kasema ulikuwa umekwenda, kidogo tu usirudi."

"Na nilikokwenda sikwenda na masikio?"

Nassor alikuwa mtu mpole na wakati ule niliuchukia upole wake. Alimwamini Mzungu kuliko mimi, kwa sababu Mzungu alikuwa amevaa nyeupe na mimi nilikuwa nimelala kwenye damu yangu. Nikamwambia atoke. Akatoka kweli, na hilo nalo lilinikasirisha.

Walinizuia pale siku kadhaa. Dirisha langu lilikuwa linatazama baraza, na alasiri mke wa daktari na shoga yake walikuwa wakija kunywa chai chini yake. Hakuna aliyefikiri kwamba mwanamke wa buibui aliyelala ndani anaelewa. "Bora hakumwona," alisema mmoja. "Wenyewe huzaa wengi. Mwakani atakuwa na mwengine." Mwenzake akasema habari za Bi Zuwena, alivyolia ukumbini mpaka wagonjwa wengine wakataharuki, ikabidi aombwe atoke nje ya lango. "Mama yangu," akaendelea, "siku aliyokufa baba, hakudondosha chozi. Mchana ule ule alikuwa bustanini anakata mawaridi. Sisi tulirudishwa skuli Jumatatu, na baba hakutajwa tena mezani. Mwanamke wa ajabu." Na yule wa kwanza akaitikia, kwa sauti ya kusifu kweli kweli, wa ajabu kabisa. Nikawa nimelala, maziwa yamejaa, yananilowesha kifua, hayana mtu wa kuyanyonya, na nje watu wanamsifu mjane kwa kukata mawaridi. Nilimhurumia yule msichana aliyerudishwa skuli Jumatatu. Nilimhurumia kidogo tu. Nilikuwa na mwengine wa kumlilia, na walikuwa wameniziba mdomo kwa sindano.

Siku moja Sista Margaret alipokuwa akinibadilisha shuka, nikamwambia, "Beseni lile lilipoanguka, ulitukana." Nikalitaja na lile tusi. Akawa mwekundu shingo nzima, akakaa kitandani, jambo ambalo walikatazwa. "Nani kakwambia?" Nikamwambia hakuna, nilisikia, na daktari alisema mapigo hayapati. Macho yakamtoka. "Lakini wakati ule ulikuwa..." Akataka kujua yote. Niliona mwanga? Nilijiona kutoka juu? Palikuwa na mtu ananingojea? Alikuwa na shangazi, akanambia, aliyewahi kuzama mtoni akaona shamba lote la babu yake linang'aa. Alizungumza kwa shauku, kama msichana, sijapata kumwona hivyo. Alasiri yake akanitoa barazani, akaniweka kwenye kiti chenye mito, na mke wa daktari na shoga yake wakasogeza viti vyao, wakanimiminia chai wao wenyewe. Niambie, niambie. Ilikuwaje? Uliogopa? Ni kweli mtu hataki kurudi?

Niliwatazama. Nyuso tatu zimenyooka kama za watoto wanaosubiri hadithi. Kufa kwangu mimi, ambaye nipo hai nimekaa mbele yao, kulikuwa kitu kitamu cha kunywea chai. Kufa kwa mwanangu, aliyekufa kweli, tokea siku ile hapakuwa na aliyekutaja hata kwa nusu ya neno. Walikuwa wakilipita jambo hilo kama watu wanavyokwepa shimo barabarani. Hawakuuliza alikuwa nani, wala angeitwa nani, wala amezikwa wapi. Nikawaambia taratibu, kwa Kiingereza changu kizuri cha skuli, ili wajue pia kwamba alasiri zote zile nilikuwa nikiwasikia.

"Mmeniamini kuhusu beseni?"

Mke wa daktari akajibu haraka, ndiyo, ndiyo, ni jambo la kustaajabisha.

"Na tusi?"

Wakacheka kidogo, wakamtazama Margaret.

"Basi ni masikio hayo hayo. Saa ile ile. Kama nilisikia beseni, nilisikia na mtoto. Alilia, akanyamaza, akalia tena. Au hilo tu ndilo akili yangu imelitunga?"

Kikombe cha shoga yake kikagonga sahani. Mke wa daktari akasema nimechoka, nirudishwe ndani. Margaret alikuwa ametazama mikono yake. Mimi nikasimama mwenyewe, kidonda cha mshono kinanivuta, nikashika ukuta mpaka kitandani, na kesho yake nikamwambia Nassor anitoe hata kama nitafia njiani.

Nyumbani haikuwa nafuu, na kusema kweli niliwakasirikia na watu wangu. Majirani walikuja, lakini walikuja kama wanavyomwendea mgonjwa. "Pole na maradhi, mwanangu. Umepungua." Hapakuwa na mkeka uliotandikwa wala kahawa iliyopikwa, na hakuna aliyenipa makiwa, kwa sababu hakuna aliyekufa. Nilinyweshwa uji wa pilipili manga, nikakandwa kwa maji ya moto, nikafukizwa, mambo yote ya mzazi, na mzazi hana mtoto. Salma alikuwa akifunua shuka akitafuta. Bi Zuwena ndiye pekee aliyenisikiliza mpaka mwisho. Nilimsimulia beseni, tusi, na kilio. Akaendelea kuchambua mchele. "Chumbani alikuwamo nani mwengine mwanamke?" akauliza. Nikamwambia Sista peke yake. "Basi aulizwe. Umezimia, hujazimia, hayo kwangu mimi si kitu. Mwanamke aliyempokea mtoto akisema alilia, Nassor na wenziwe watakwenda kumsalia kaburini kwake. Shehe nshamuuliza."

"Hatosema, Mama. Mwongo yule."

"Hajaulizwa na mimi."

Sista alikuja mwenyewe, kukitazama kidonda, na mkoba wake. Kulikuwa na wanawake wanne watano chumbani. Bi Zuwena akamwacha afanye kazi yake, akamnawisha mikono, akamkalisha kwenye mkeka, miguu yake mirefu hajui aipeleke wapi. Kisha akanambia, "Nitafsirie, na usitie lako." Akamtazama machoni. "Mjukuu wangu alilia?"

Nikatafsiri. Margaret akaniangalia mimi, na macho yake yalikuwa yananiomba, yananiomba nisimlazimishe. Akasema kwamba alitaka kunisaidia tu. Mama yake mwenyewe alipoteza mtoto, na waliomzunguka walimwambia hakuwahi kupumua, na hilo lilimrahisishia, alisahau, hakumtaja hata siku moja. Nikamwambia Bi Zuwena maneno hayo. Akayasikiliza yote, akasema, "Mwambie namwonea huruma mamaake. Sasa mwambie anijibu."

"Ndiyo," akasema Margaret. "Alilia. Mara mbili. Nilikuwa nimempakata mkono wa kushoto, na wa kulia ulikuwa ndani yako. Daktari alikuwa anahangaika na mapigo yako, na mimi sikuweza kumfanyia chochote. Nilikuwa na mikono miwili tu."

Sijui nilitafsiri vipi. Nadhani nilisema neno moja, alilia. Chumba kizima kikaangua kilio. Bi Zuwena alipiga mapaja yake akasema Alhamdulillahi, akalia, na jirani akatoka uani akipaza sauti kwamba kuna msiba, Khalfan wa Nassor amefariki, na nikasikia mikeka ikikunjuliwa na mtu akiuliza dele la kahawa liko wapi. Na mimi, ambaye tokea siku ile sikutoa chozi, nililia mpaka kidonda kikauma, kwa sauti, mdomo wazi, nikimwita kwa jina. Margaret aliingiwa na hofu. Alidhani ameniua. Nikamwona anapapasa mkoba wake anatafuta sindano. Bi Zuwena akamshika kifundo cha mkono, si kwa nguvu. "Mwambie airejeshe. Mwanangu amefiwa. Mwache alie."

Nassor aliitwa kutoka kazini. Aliingia mpaka mlangoni tu, nikamwambia, "Alilia. Kasema," na akaufunika uso wake kwa kilemba. Kisha akaenda kutia udhu, na wanaume wakaondoka pamoja kwenda kaburini, nasi tukabaki. Wanawake walikuwa wakija mmoja mmoja, wananishika, makiwa, makiwa, Mungu akupe subira, naye awe akiba yako. Margaret alikuwa bado yuko pale ukutani, magoti yamepanda, kikombe cha kahawa mkononi hajui akinywe au akishike. Akanambia kwa sauti ndogo kwamba anaomba radhi. Sikumpa. Siku ile sikuwa nayo ya kumpa, na siandiki hapa kwamba nilimpa baadaye ili hadithi iishe vizuri.

"Sogea," nikamwambia. Akajikokota mpaka karibu yangu. "Wewe umemwona. Mimi sijamwona. Niambie alivyo."

Akatikisa kichwa. Walivyofundishwa, akasema, mambo hayo hayamsaidii mama.

"Niambie."

Alianza kwa taabu, maneno yanamtoka kama ya mtu anayetapika. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimelala mbele. Kidole gumba cha mguu kimeachana na vyengine. Alikunja uso kabla ya kulia, akalia, akatulia kama anasikiliza, akalia tena, chini zaidi. Alifungua jicho moja. Alimkojolea kwenye mkono wa gauni lake, maji ya moto, mpaka kwenye kiwiko, na yeye alisimama hivyo hivyo kwa sababu hakuwa na mkono wa tatu. Hapo machozi yakamtoka, akayafuta haraka kama mtu aliyejimwagia kitu mbele za watu. Sikumfuta. Nilimshika mkono, ule wa kushoto, nikaubana.

"Rudia," nikamwambia. "Tangu nywele."